Kumsema, Kumsemea na Kumsemesha: Jina, Sura na Sauti ya Mtu Mashuhuri Mbele ya Sheria

Suala la nani mwenye jina, sura na sauti ya mtu mashuhuri limezoeleka kuachiwa wanasheria, kana kwamba wanafunzi wa lugha na fasihi hawana la kusema juu yake. Makala haya yanachukua msimamo mwingine. Jina ni neno. Sauti ndiyo ala ya kwanza ya msanii wa fasihi simulizi. Na sura ya mtu mashuhuri, kama inavyojulikana na umma, ni kazi iliyotungwa kwa ushirikiano wa mtu mwenyewe, wanaomsifu, wanaomsengenya na wapinzani wake wa jukwaani. Hukumu za mahakama zinazohusu mambo haya ni matini, na matini huhakikiwa. Tunakusudia kuzisoma baadhi yake sambamba na kitabu kimoja cha Kiswahili, nacho ni wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert, ili tuone kama lugha yetu yaweza kutusaidia kutenganisha mambo ambayo sheria, mpaka sasa, imeyachanganya.

Tuanze na sarufi. Kitenzi kusema kikinyambuliwa na kupewa mtendwa hutupatia vitendo vitatu ambavyo kila mzungumzaji wa Kiswahili huvitofautisha bila kufundishwa. Kumsema mtu ni kumzungumzia, aghalabu kwa ubaya, awepo asiwepo. Kumsemea ni kusema kwa niaba yake. (Watoto wa shule wamekipa kitenzi hiki kazi nyingine, ya kupeleka mashtaka kwa mwalimu, lakini hilo tuliache kwa sasa.) Kumsemesha ni kumfanya aseme. Jambo la kuangaliwa katika kitendo hiki cha tatu ni kwamba, katika matumizi ya kawaida, anayesemeshwa hubaki na hiari yake. "Nilimsemesha, akanyamaza" ni sentensi kamili yenye maana. Kunyamaza kwake ni jibu. Hoja yetu karibu yote imejengwa juu ya sentensi hiyo.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, katika ukoo wa watu waliopitia utumwa, akakulia katika kazi ya kufinyanga na kuuza vyungu. Inasimuliwa kwamba jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa, na kwamba jina la Siti, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya bibi wa heshima, alipewa baadaye. Mwaka 1928 yeye na wanamuziki wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, na sauti yake ikaenea pwani yote na bara. Aliaga dunia mwaka 1950. Wasifu wake ulichapishwa mwaka 1958 katika jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kisha ukatolewa kama kitabu.

Hata kabla Shaaban Robert hajashika kalamu, Siti alikuwa amesemwa sana. Wapinzani walimtungia maneno ya kumbeza kwa nasaba yake na kwa umbo lake, nayo yakaimbwa. Siti hakwenda kwa kadhi wala kwa hakimu wa Kiingereza. Alijibu kwa wimbo, na jibu lake lilikumbukwa kwa muda mrefu kuliko tusi lenyewe. Tunalitaja jambo hili si kwa ajili ya kusifu uvumilivu wake bali kwa sababu lina hoja ya kisheria ndani yake. Aliyesemwa bado ana kinywa. Maneno ya wapinzani yalikuwa maneno ya wapinzani, kila msikilizaji akijua yametoka wapi, na jibu la Siti lilikuwa la Siti. Ugomvi wao ulikuwa mkali lakini haukuwa na udanganyifu.

Siti mwenyewe alisema watu, tena kwa majina. Wimbo wake wa Kijiti, kama walivyoeleza watafiti wa historia ya Unguja, unahusu kesi ya kweli: mwanamke mgeni aliuawa, mshukiwa akatorokea bara, na wanawake waliotoa ushahidi wakaishia kuadhibiwa wao kwa kosa la kununua ulevi. Mahakama ilikwisha kusema lake. Wimbo ukasema lingine, na jina la mshukiwa likabaki katika vinywa vya watu. Sasa tujiulize: kama kila mtu angalimiliki jina lake kama amilikivyo kiwanja, wimbo huo ungaliimbwa kwa idhini ya nani? Wanaodai kwamba jina la mtu lisitajwe ila kwa ruhusa yake hawajafikiri ni nani hasa atakayefaidika na ruhusa hiyo. Mnyonge hana desturi ya kuombwa ruhusa. Mwenye nguvu ndiye atakayeinyima.

Kuiga nako ni namna ya kumsema. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Redykyulass lilipomwiga Rais Daniel arap Moi kwa sauti na kwa mwendo, watazamaji wa Kenya hawakudhani hata mara moja kwamba wanamsikia Rais. Walicheka kwa sababu walijua si yeye. Kichekesho kinategemea mwanya uliopo kati ya mwigaji na mwigwa. Mwanya huo ukizibwa, kichekesho nacho hufa.

Turudi kwenye wasifu. Je, humo Shaaban Robert anamsema Siti au anamsemea? Msomaji atakayekifungua kitabu kile kwa tamaa ya kumsikia Siti mwenyewe atatoka na njaa. Anayesikika zaidi ni Shaaban Robert: mpenda maadili, mwingi wa nasaha, anayemgeuza mwimbaji wa mikesha ya Ng'ambo kuwa kielelezo cha bidii, subira na tabia njema. Makali ya ulimi wa Siti, ile lugha ya mitaani iliyowafanya watu wakeshe wakimsikiliza, imepunguzwa mno ili mfano upate kung'aa. Tunamlaumu mwandishi kwa hilo, maana amefanya uteuzi ambao Siti huenda asingeufanya. Lakini kosa hilo, kama ni kosa, ni la kihakiki na dawa yake ni uhakiki. Jina la Shaaban Robert liko juu ya jalada. Kila sifa anayomvika Siti ina sahihi yake, na msomaji akitaka kubishana anajua pa kupeleka ubishi.

Jambo hili la sahihi si geni kwetu. Watunzi wa tenzi walikuwa na desturi ya kujitaja katika beti za mwisho pamoja na tarehe. Mwana Kupona alifanya hivyo katika utendi wake wa mwaka 1858. Hakuna sheria ya hakimiliki iliyomlazimisha. Beti hizo humwambia msikilizaji nani ameyasema haya, na kwa hiyo nani aulizwe. Tukilichukua wazo hili kama kipimo, vitenzi vyetu vitatu vinajipanga vyenyewe. Amsemaye mtu huweka sahihi yake mwenyewe. Amsemeaye huhitaji wakala, yaani ruhusa. Amsemeshaye pasipo hiari hughushi sahihi ya mwingine.

Kwa kipimo hicho tuzitazame hukumu. Haki ya umashuhuri, kwa maana ya haki ya mtu juu ya thamani ya kibiashara ya picha na jina lake, ilipewa jina Marekani mwaka 1953. Kesi yenyewe ilikuwa baina ya kampuni mbili za chingamu zilizogombania picha za wachezaji wa besiboli, na Jaji Jerome Frank akatamka kwamba mbali na faragha yake mchezaji anayo haki nyingine, ya kuiuza ruhusa ya picha yake. Asili hii haikosi maana. Haki iliyozaliwa katika ugomvi wa wauza chingamu ilimtazama mtu kwa jicho la muuzaji tangu siku ya kwanza: haikuuliza kama mchezaji anataka kuonekana, iliuliza nani amenunua kuonekana kwake. Mfumo wa kibepari ulikwisha kugeuza kazi ya mtu kuwa bidhaa. Hapa uligeuza uso wake pia, kisha ukauita mgeuzo huo ulinzi.

Hata hivyo ndani ya mkondo huo huo ilitokea hukumu moja iliyoona mbali. Mwaka 1985 wakala wa matangazo ya kampuni ya Ford alimtaka mwimbaji Bette Midler aimbe katika tangazo. Meneja wake alikataa. Wakala akamwajiri mwimbaji aliyewahi kuwa mwitikiaji wa Midler, akamwagiza aige sauti ile kadiri awezavyo, na waliosikia tangazo wakadhani ni Midler. Ruhusa ya kuutumia wimbo ilikuwapo, kwa hiyo hakimiliki haikuguswa. Uso wake haukuonyeshwa wala jina halikutajwa. Mwaka 1988 mahakama ya rufani ya mzunguko wa tisa iliamua kwamba sauti ni ya mtu kama ulivyo uso wake, na kwamba kuiga kwa makusudi sauti inayojulikana sana ili kuuza bidhaa ni kumnyang'anya mwenyewe. Baadaye Midler alipewa fidia ya dola 400,000.

Wanasheria hulikumbuka shauri hilo kwa sababu ya sauti. Sisi tunalikumbuka kwa sababu ya kukataa. Midler alisemeshwa, akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa jibu. Ndipo wenye tangazo wakatafuta njia ya kulipita jibu lile na kumfanya aseme vivyo hivyo. Tofauti yake na Redykyulass iko hapo, wala haimo katika ustadi wa kuiga. Mchekeshaji alitaka tujue kwamba si Moi. Tangazo lilitaka tusijue kwamba si Midler.

Mahakama hiyo hiyo ilijikwaa mwaka 1992, ilipomwekea ulinzi mtangazaji wa mchezo wa televisheni, Vanna White, dhidi ya tangazo la Samsung lililoonyesha roboti yenye nywele za bandia kando ya gurudumu. Hapakuwa na jina, uso wala sauti. Palikuwa na ukumbusho tu. Jaji Alex Kozinski alipinga vikali mwaka 1993, akiona kwamba ulinzi uliopita kiasi huwanyima wasanii wengine malighafi yao, nasi hatuna la kuongeza.

India ndiko ambako sheria hii inatungwa kwa kasi zaidi katika miaka hii, tena na majaji badala ya bunge. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Delhi ilimlinda mwimbaji Daler Mehndi dhidi ya wauzaji wa vinyago vilivyofanana naye, lakini ikaonya papo hapo kwamba katuni, dhihaka na uigaji wa kuchekesha visidhaniwe kuwa uvunjaji wa haki. Ni onyo linalostahili kukaririwa, kwa sababu halikuheshimiwa sawasawa baadaye. Septemba 2023 mahakama hiyo ilitoa amri ya kumkinga mwigizaji Anil Kapoor, na miongoni mwa vilivyokingwa, pamoja na jina, sura na sauti, ni neno "jhakaas", neno la Kimarathi cha mitaani lenye maana ya safi kabisa, ambalo mwigizaji huyo amejulikana kwalo. Ni kweli kwamba amri inahusu matumizi ya kibiashara, wala haimzuii mpita njia wa Mumbai kulitamka. Lakini mwanafunzi wa lugha hana budi kushtuka. Sisi wasemaji wa Kiswahili tumekwisha kuonja chungu hiki: mwaka 2003 kampuni ya Disney ilisajili Marekani maneno "hakuna matata" kuwa alama yake ya biashara ya mavazi, na mwaka 2018 maelfu ya watu wakatia sahihi malalamiko ya kupinga. Msemo hauzaliwi na anayeusema kwa sauti kubwa. Mwigizaji alilikopa neno mtaani, akalipa mbwembwe, na mtaa una haki ya kurudishiwa. Sauti aliyolitamkia, hiyo ni yake. Neno si lake.

Hukumu iliyofika karibu zaidi na jambo tunalolitafuta ilitolewa Julai 2024, tena katika jiji lile lile ambako sauti ya Siti ilitiwa katika sahani miaka 96 kabla yake. Mwimbaji Arijit Singh aliwashtaki mbele ya Mahakama Kuu ya Bombay wenye mitambo ya akili bandia iliyomwezesha mtu yeyote kuigeuza sauti yake iwe ya Singh. Katika madai yake Singh alieleza kwamba kwa miaka kadhaa amejizuia kwa hiari kutangaza bidhaa. Jaji alitoa amri ya muda, akaona kwamba kuwapa watu zana za kugeuza sauti kuwa ya mtu mashuhuri bila idhini yake ni kuvunja haki ya nafsi yake. Tukiisoma amri hiyo kwa nadharia ya chingamu, Singh hakupoteza kitu, kwa sababu hakuwa akiuza. Kwa nadharia ya kunyamaza amepoteza kila kitu. Ukimya wake wa miaka kadhaa ulivunjwa kwa kinywa chake mwenyewe. Siti aliweza kuwajibu waliomsema. Aliyesemeshwa na mtambo atajibu nini? Akisema "si mimi", atakuwa amesema kwa sauti ile ile iliyokwisha kusema kwamba ni yeye.

Kwa upande wa Kenya, hatuna sheria iliyotungwa mahsusi kwa ajili ya watu mashuhuri, na kwa maoni yetu hilo si pengo la kusikitikiwa. Katiba ya mwaka 2010 inalinda heshima ya utu katika Kifungu cha 28 na faragha katika Kifungu cha 31, huku Kifungu cha 33 kikilinda uhuru wa kujieleza pamoja na ubunifu wa sanaa. Juu ya msingi huo Mahakama Kuu, katika hukumu ya mwaka 2017, ilieleza mambo matatu anayopaswa kuyathibitisha mlalamikaji: kwamba sifa yake inayolindwa imetumiwa, kwamba imetumiwa kwa faida ya mtumiaji, na kwamba hakutoa idhini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya wazi kabla data za mtu hazijatumiwa kwa biashara, na utambuzi wa sauti umetajwa humo miongoni mwa mambo ya kibayometriki. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya burudani ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila idhini yake. Mteja huyo hakuwa mashuhuri, na hapo ndipo sheria yetu inapoishinda ile ya chingamu. Haimwulizi mtu uso wake una bei gani.

Udhaifu wake uko kwingine. Kifungu cha 52 cha Sheria hiyo kinawapa nafuu waandishi wa habari, wa fasihi na wasanii, iwapo mchapishaji anaamini kwa sababu za kuridhisha kwamba kuchapishwa kwa kazi yao kuna manufaa kwa umma. Tunakishangilia kifungu hicho, kwa kuwa ndicho kinachowalinda warithi wa Shaaban Robert na wa Redykyulass. Lakini hakitofautishi baina ya msanii anayemsema mtu na mtambo unaomsemesha. Mwenye mtambo naye atajiita msanii. Ameshaanza kujiita hivyo.

Tena Sheria hiyo haikumtengea marehemu mahali. Jimbo la Tennessee, nyumbani kwa Elvis Presley, lilitunga sheria mwaka 1984 ya kuwarithisha watu haki hii, na mwaka 2024 likaiongezea sauti waziwazi. Wengi wamependekeza tuige mfano huo. Waisome kwanza. Haki ya marehemu humo hudumu miaka kumi, kisha huendelea maadamu warithi wanaitumia kibiashara. Wakikaa miaka miwili bila kuitumia, huzimika. Maana yake ni kwamba familia inayouza fulana zenye picha ya baba yao inalindwa, na familia iliyoamua kumwacha mzee wao apumzike hailindwi. Sheria ya namna hiyo inatoza faini ukimya.

Sahani ya santuri ya wakati wa Siti ilichukua dakika tatu hivi kila upande. Mitambo ya leo hutosheka na kipande kifupi kuliko hicho. Upo uwezekano, basi, wa Siti kuimba tangazo la sabuni, au hotuba ya chama, au ubeti wa kumsifu mtu ambaye angalimkejeli. Kinachohitajika ni katazo fupi lisilohusu bei: kwamba mtu, aliye hai au aliyekufa, mashuhuri au asiyejulikana, asisemeshwe maneno ambayo hakuyasema, kwa namna ya kumfanya msikilizaji aamini kwamba ndiye. Katazo hilo halimgusi mwandishi wa wasifu, mtunzi wa kijembe wala mwigaji wa jukwaani, maana wote hao husema kwa vinywa vyao. Haligusi pia kazi ya mtafiti anayetumia mtambo kuondoa mikwaruzo katika sahani kuukuu, kwa sababu maneno yatakayosikika baada ya usafishaji ni ya Siti. Mtafiti huyo huyo akikuta ubeti mmoja umefutika kabisa, na maandishi yake yamehifadhiwa kwingine, akataka mtambo uuimbe kwa sauti ya Siti ili wimbo ukamilike, hapo tungemzuia. Na auimbe mwenyewe, kwa sauti yake, atuambie kwamba ni yeye.